Shajara ya meza ya mwembeni: miezi sita ya usajili wa vizazi katika kata moja ya kusini

Julai, wiki ya kwanza

Tumeanza leo, Jumatano, siku ya kliniki. Tuko watatu. Mwalimu ni mstaafu. Nusu ya kata aliwafundisha kusoma, nusu iliyobaki aliwachapa. Dada ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, huijua kila nyumba yenye mimba kabla mwenye mimba hajamwambia mumewe. Mimi nilisoma stashahada ya kompyuta nikarudi nyumbani kusubiri ajira. Mtendaji wa kata ametupa meza ya mbao chini ya mwembe, hatua chache kutoka dirisha la usajili, na sharti moja: tusiguse kitabu cha vyeti wala simu ya kazi. Kusajili ni kazi ya msaidizi wa usajili aliyepewa mafunzo. Sisi tuhakikishe mtu anafika dirishani akiwa na habari zake kamili.

Kwa asiyejua tulikotoka: zamani mama alijifungua, akapewa tangazo la kizazi, kisha akatakiwa kusafiri hadi wilayani kufuata cheti na kulipa ada. Nauli, chakula, mtoto mgongoni, na akifika anaambiwa aje kesho. Wengi walibaki na tangazo likachakaa kwenye mkoba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliosajiliwa Tanzania ni asilimia 16. Mwaka 2013, RITA, wakala wa serikali wenye dhamana ya vizazi na vifo Tanzania Bara, ulianza Mbeya utaratibu mwingine kwa watoto wa umri huo: mtoto anasajiliwa ofisi ya kata au kituo cha afya, cheti kinaandikwa kwa mkono bila malipo, na taarifa zinatumwa kwa simu hadi kanzidata ya makao makuu. Utaratibu ulisambaa mkoa kwa mkoa hadi ukatufikia na sisi. Utafiti wa 2015-16 ulikuta asilimia 26.

Kwa hiyo habari ya umbali imepungua. Iliyotuleta mwembeni ni ile inayofuata: cheti alichopewa mtoto kinasema kweli?

Kabla ya leo nilikaa siku mbili nikitazama tu. Mama anafika dirishani, mtoto analia, nyuma yake kuna mama wengine wameshika kadi za kliniki. Msaidizi anauliza: "Mtoto anaitwa nani?" Mama anajibu kwa sauti ya chini, maana kutaja jina la mtoto mbele ya watu si jambo la kupigia kelele. Msaidizi anaandika alichosikia. Sasa katika kata ambayo Rukia na Lukia ni mtu mmoja mdomoni, Hamisi ana binamu zake Khamis na Hamis, na Zuhura akiitwa kwa haraka anakuwa Zuhra, alichosikia msaidizi ni bahati nasibu. Mama anapokea karatasi, anaikunja, anashukuru, anaondoka. Kosa litaonekana mtoto akianza shule, au akiomba mkopo wa chuo, huko mbele.

Nalijua hili kwa gharama. Cheti changu kina herufi i mwishoni mwa jina la baba, kitambulisho cha taifa hakina. Herufi hiyo moja imenila nauli za wilayani mara tatu na kiapo kimoja cha mahakamani.

Julai, wiki ya pili

Niandike aibu yangu mapema ili isinisumbue baadaye.

Kabla ya kuanza nilikuwa nimetengeneza programu ndogo ya kutuma meseji. Mama akiacha namba yake mezani kwetu, cheti kikiwa tayari simu inaita. Nilijiona mhandisi. Wiki hii nimeijaribu.

Namba nyingi hazikupatikana. Laini nyingine ni za baba, nyingine za jirani mwenye simu, nyingine zilifungwa wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole. Januari 2020 asiyekuwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, alizimiwa laini, na huku kwetu wengi hawakuirudisha ile ile, walinunua nyingine kwa kitambulisho cha mtu. Lakini hayo ni madogo. Meseji moja iliyosema "Cheti cha mtoto wako kiko tayari, fika ofisi ya kata" iliingia kwenye simu ya mwanamume, ikasomwa na mke wake mkubwa, ambaye hakuwa na habari ya mtoto huyo wala ya mama yake.

Mwalimu na Dada walikwenda kutuliza. Mimi nilishauriwa nibaki nyumbani siku mbili.

Nimeifuta programu pamoja na daftari la namba. Usiku nilisoma upya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nikaona nilivyokuwa nimeikanyaga kwa nia njema kabisa. Kuanzia sasa meza yetu haihifadhi namba ya simu ya mtu, wala hatupigi picha kadi ya mtu. Kuna kijana alipendekeza tufungue kundi la WhatsApp akina mama watume picha za kadi. Nimemwambia aje akae na sisi mwembeni ahesabu madhara.

Julai, wiki ya nne

Kwenye kabati la ofisi kuna boksi la viatu lililojaa vyeti ambavyo wenyewe hawajavifuata. Sababu tumezipata kwa kuuliza nyumba kwa nyumba. Siku nyingine kitabu cha vyeti kilikuwa kimeisha, mama akaambiwa arudi. Siku nyingine kadi ilikuwa na mashaka, mama akaambiwa arudi na baba. Mwanamke aliyetembea saa mbili akiambiwa "rudi" husikia "usirudi".

Mwalimu ana dawa yake ya kizamani. Ijumaa baada ya swala alimwomba imamu dakika tano, Jumapili akaenda kanisani, Jumamosi alikuwa gulioni na kipaza sauti cha muuza dawa za panya. Tulibishana kwanza nini kitajwe, na baada ya yaliyonikuta nilikuwa mkali: jina la kwanza la mtoto na kitongoji, basi. Baba hatajwi, mama hatajwi. "Zuhura wa Mtakuja, cheti chako kinakusubiri." Watu walicheka kwamba Zuhura ana miezi minne na tayari anaitwa serikalini.

Boksi limebaki nusu. Kipaza sauti cha panya kimeshinda programu yangu.

Agosti, wiki ya pili

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu liko wazi, na meza imevamiwa na vijana. Hawa si wa kwetu, maana mradi wetu ni watoto wa chini ya miaka mitano, lakini kuna mwembe na kuna benchi, wataenda wapi? Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Kijana anaskani cheti chake, anakipakia kwenye eRITA, mfumo wa RITA wa mtandaoni, anapata namba ya malipo, analipa kwa simu, anasubiri majibu. Mambo yote hayo yanafanyika kwenye stesheneri iliyo njia panda, ambako kuskani ukurasa mmoja kuna bei yake na kujaziwa fomu kuna bei nyingine.

Mfumo wenyewe ni mzuri, nitausema vizuri. Wakubwa zetu walipeleka karatasi Dar es Salaam kwa basi. Shida ni kwamba unalinganisha cheti na kitabu kilichoandikwa na karani miaka ishirini iliyopita, na karani huyo naye aliandika alichosikia.

Leo nimekaa na kijana mmoja kuanzia saa tatu hadi adhuhuri. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi Hamisi. Cheti cha kidato cha nne kinasema Said Khamis. Alipoanza darasa la kwanza mwalimu wa zamu alikuwa mtu wa Unguja, akaandika jina kama linavyoandikwa kwao. Mwalimu wetu alisikia akanyamaza, kisha akasema taratibu kwamba hata yeye alikuwa akirekebisha majina ya watoto kwenye rejista ili yawe "sahihi", kwa miaka thelathini na zaidi, na hakuwahi kumuuliza mzazi hata mmoja.

Kijana ameenda kufuata kiapo. Yeye aliagwa nyumbani kwa dua na kuku. Nauli ya pili sijui wataitoa wapi.

Agosti, wiki ya nne

Kutokana na siku ile tumepata kitu. Ni karatasi, robo ya A4, tunaiita karatasi ya majina. Ina mistari ya jina la mtoto, baba, babu, mama, tarehe na mahali alipozaliwa. Mama anafika kwetu kwanza. Mwalimu anaandika kwa herufi kubwa, kisha anasoma herufi moja moja kwa sauti kama yuko darasani: "Ri, u, ki, i, a." Asiyejua kusoma anasikia. Anayejua anaangalia. Kukiwa na tofauti inafutwa hapo hapo kwa penseli, kisha mama anaipeleka dirishani na msaidizi ananakili kwa wino kwenye cheti.

Umuhimu wa penseli hauelezeki kwa mtu ambaye hajakaa dirishani. Fomu za vyeti zina namba za mfululizo. Msaidizi akikosea moja, ameharibu karatasi ya serikali na itabidi aieleze. Ndiyo maana akiambiwa "hapo umekosea herufi" hushawishika kusema "haina shida, itasomeka". Simlaumu. Ukimweka mtu mahali ambapo kusahihisha kunamgharimu na kukosea hakumgharimu, atakosea kwa amani.

Mgogoro ulikuja siku ya kwanza. Mama anaitwa Mwanahamisi kwa kinywa chake, Mwanahamis kwenye kitambulisho cha taifa, Mwana Hamisi kwenye kadi ya mpiga kura. Tufuate lipi? Mimi nilisema kitambulisho cha taifa, maana ndicho kitakacholinganishwa na kila kitu. Mwalimu akasema jina ni la mwenyewe na karani wa mashine hana mamlaka juu ya jina alilopewa mtu kwao. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Tulichokubaliana: mama anaelezwa kila njia itamgharimu nini, kisha anachagua mwenyewe. Karibu wote wanachagua la kitambulisho, kwa unyonge fulani. Mmoja alisema, "Andika la NIDA mwanangu, mimi mwenyewe nitajijua."

Na kitambulisho nacho si msahafu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Bibi mmoja alikadiriwa mwaka wakati wa uandikishaji, kwa sababu anachojua ni kwamba alizaliwa msimu wa nzige. Makadirio ya mwandikishaji sasa ni sehemu ya namba yake hadi siku ya kufa.

Septemba, wiki ya kwanza

Tumefuata kosa hadi linakozaliwa, nalo limetufikisha zahanati.

Mama akijifungua, muuguzi anaandika kwenye kitabu cha MTUHA (mfumo wa kumbukumbu za huduma za afya) namba 12, kile cha wodi ya wazazi. Usiku muuguzi ni mmoja. Mikono ina damu, taa ni ya sola, mwingine anaugulia kitanda cha pili. Jina analoandika ni lile lililopiga kelele mlangoni: "Mama Shadya amefika!" Basi kwenye kitabu kuna Mama Shadya, na Shadya ni mtoto wa kwanza. Jina la baba linatajwa na shangazi aliyemleta mgonjwa, ambaye naye anamjua kwa jina la utani la uvuvi. Asubuhi haya yote yanakuwa ndiyo chanzo cha taarifa.

Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu ubora wa taarifa. Muuguzi alinisikiliza huku akikunja mashuka, kisha akaniuliza kwa nini tunasubiri mama awe na uchungu ndipo tumuulize jina la babu wa mtoto.

Hapo ndipo mradi ulipogeuka, na sifa si zetu. Pendekezo lake: karatasi ya majina ijazwe wakati wa mimba, siku ya kliniki, mama akiwa ametulia na ana kitambulisho chake mkononi. Nafasi ya jina la mtoto na tarehe iachwe wazi. Ikunjwe, ikae ndani ya kadi namba 4, ile ya mjamzito, ambayo mama haiachi hata nyumba ikiungua. Siku ya kujifungua muuguzi hana la kuuliza, ananakili.

Tumechapa karatasi mia kwa pesa ya mfukoni mwa Mwalimu.

Septemba, wiki ya tatu

Tatizo dogo la desturi ambalo mfumo haulijui: mtoto hana jina siku anayozaliwa. Wengine wanamtaja siku ya saba kwa akika, wengine wanangoja arobaini itoke, wengine wanangoja babu atoe neno kutoka Masasi. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, kwa hiyo nafasi ipo. Lakini msukumo wa kuongeza idadi unafanya wasajili wamuulize mama jina hapo hapo kitandani, na mama aliyechoka anataja lolote ili alale. Wiki mbili baadaye babu anatoa neno. Sasa mtoto ana jina la cheti na jina la nyumbani, na vita imeanza kabla hajaota jino.

Tumeomba, na Mtendaji amekubali, kwamba asiyekuwa na jina asisukumwe. Dada anaandika siku ya arobaini kwenye kalenda yake na kupita nyumbani kukumbusha. Kila mtu anamkaribisha Dada. Angepita mtu wa ofisi, wangejificha.

Wilayani wanauliza idadi kila Ijumaa: wangapi wamesajiliwa wiki hii? Idadi yetu imeshuka kidogo, msaidizi amepigiwa simu. Hakuna safu ya fomu inayouliza wangapi wameandikwa sawasawa. Mtendaji amejibu kwa barua ya heshima sana, ya aina ile inayoanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu".

Oktoba

Korosho. Kata imehamia mashambani, mwembe umebaki na sisi na mbuzi. Tulikaa Jumatano mbili bila mtu, ya tatu tukabeba meza tukaipeleka ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, siku ya mnada.

Nilitegemea tuonekane kero, lakini ikawa siku bora ya mradi mzima, na iliyotusaidia ni fedha. Siku hizi mkulima halipwi mkononi, malipo yanaingia benki. Jina la kwenye orodha ya chama lisipofanana na jina la akaunti, pesa inasimama. Pale ghalani walikuwepo wanaume ambao msimu uliopita waliona jasho lao likikaa juu ya waya kwa ajili ya herufi moja. Kwa miezi mitatu tulikuwa tumezungumza na wanawake tu. Baba wa watoto walikuwa jina kwenye karatasi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka jukumu la kusajili kizazi kwa mzazi au mlezi, haisemi mama peke yake, lakini nenda ukaisome hiyo kijiweni uone.

Ghalani haikuhitaji kusomwa. Mzee mmoja aliona Mwalimu akiita herufi, akauliza kinachofanyika, akaelezwa. Aliondoka bila kuaga. Baada ya saa moja bodaboda ilimrudisha akiwa na bahasha: vyeti vya watoto watatu. "Mwalimu shikamoo. Hebu nisomee na hawa, mmoja mmoja." Wawili walikuwa sawa. Wa tatu, jina la ukoo lilikosa m ya mwanzo. Alikaa chini. Mtoto ana mwaka mmoja, tukamwambia mapema hii ni nafuu, maombi ya marekebisho yatapelekwa wilayani. Akasema angalau huyu hajaanza kuuza korosho.

Kuanzia wiki hiyo wanaume wamekuwa wakija, na wengine wanakuja na vitambulisho vya wake zao, jambo lililotulazimisha kutunga kanuni mpya: jina la mama linathibitishwa na mama.

Novemba, wiki ya kwanza

Vifo. Nimekuwa nikikwepa kuandika kuhusu vifo.

Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30. Katika miezi minne ya kukaa mwembeni, waliokuja kusajili kifo walikuwa na sababu moja, mirathi. Kuna akaunti, kuna pensheni, kuna kiwanja mjini, na mahakama ya mwanzo inataka cheti cha kifo ili kuteua msimamizi. Marehemu asiyeacha kitu hasajiliwi. Mtoto mchanga aliyefariki hasajiliwi kabisa, na ukimuuliza mama anakushangaa: huyo Mungu amempa, Mungu amemchukua, ofisi inamtakia nini?

Nilijaribu kumweleza mama mmoja kwamba zahanati haiwezi kuombewa muuguzi wa pili kama vifo vya watoto havionekani popote. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza kama nimeoa.

Sitagusa jambo hili tena hadi Dada aone namna. Kuna mambo ambayo kijana na kalamu yake hayamhusu. Anafikiria kuanza na wazee wanaochimba makaburi, maana wao hawakosi msiba hata mmoja.

Novemba, wiki ya tatu

Simu ya kazi imekufa betri, mpya imeombwa. Msaidizi anaandika vyeti kwa mkono kama kawaida, ila taarifa haziendi makao makuu. Kwa macho ya mama kila kitu kimekamilika: ana karatasi yenye muhuri. Kwa macho ya kanzidata mtoto hajazaliwa. Akija kuhakikiwa miaka kumi na nane baadaye, ataambiwa hayumo.

Hiyo nafasi kati ya karatasi na kanzidata ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko makosa ya herufi, kwa sababu haionekani. Kosa la herufi mtu analiona kwa macho. Taarifa ambayo haikutumwa ina sura ile ile ya iliyotumwa.

Suluhisho la muda ni la kijima: kila cheti kilichoandikwa bila kutumwa, msaidizi anakunja pembe ya kishina chake kitabuni. Simu ilipofika (baada ya siku kumi na moja, kwa haki ya Mungu tulitegemea mwezi), alipanda kilimani kwenye mtandao mzuri usiku mbili mfululizo akituma na kukunjua pembe moja moja. Nilimshikia tochi. Mbu walikuwa wengi. Yapo aliyokuta hata ya kabla ya betri kufa, ambayo alidhani yalishakwenda.

Kukunja pembe sasa ni utaratibu wa kudumu. Inakunjuliwa simu ikionyesha imepokelewa, siyo kabla.

Desemba, wiki ya kwanza

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza unaendelea. Mwalimu mkuu wa shule ya kata ametuita tukae karibu na meza yake, na tumemwomba jambo moja: rejista ifuate cheti, herufi kwa herufi, hata kama jina "limekosewa" kwa sikio lake. Alicheka akimtazama Mwalimu wetu, aliyekuwa bosi wake zamani. Mwalimu alikohoa akasema, "Ndiyo. Usifanye nilivyofanya."

Mama mmoja alileta kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Yeye alizaliwa Unguja, mtoto amezaliwa huku. Kule kuna wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, na mlango wa kwanza ni sheha, kiongozi wa mtaa wa kule. Alishangaa kwamba huku hakuna sheha. Tulimwambia kuna mwembe.

Desemba, wiki ya tatu

Makabidhiano. Mtendaji anahamishwa Januari, kwa hiyo yote tuliyokubaliana kwa mdomo tumeyaandika, kurasa mbili, nakala kwa zahanati, shule na chama cha msingi.

Mwalimu amekuwa akitunza karatasi za majina katika mafungu mawili, kisha zikishatumika mwezi mzima tunazichoma, ili majina ya watu yasije yakafungia maandazi. Ambazo hazikusahihishwa anazifunga kwa kamba. Zilizosahihishwa mama akiwa amesimama pale pale anazifunga kwa mpira mwekundu. Fungu la mpira mwekundu la Septemba lilikuwa nene kama mkate wa boflo. La Desemba ni jembamba, kwa sababu wengi sasa wanakuja na karatasi iliyojazwa tangu ujauzito. Kila karatasi ya fungu lile ni kosa ambalo lingeingia kwenye wino.

Serikali imekuwa ikizungumzia Jamii Namba, namba moja ya kumfuata mtu tangu kuzaliwa. Siku itakapofika huku, nitapenda kujua nani ameshika penseli kabla yake.

Yaliyobaki: karatasi zimeisha, na mfuko wa Mwalimu pia, chama cha msingi kimesema kitafikiria. Mzee wa vyeti vitatu hajajibiwa kuhusu ile m. Dada ameonana na wachimba makaburi wawili, mmoja amekubali kuzungumza baada ya mwaka mpya. Kwenye boksi la viatu kuna cheti kimoja, cha Zuhura mwingine, wa kitongoji cha mbali, ambaye familia yake ilihamia Tunduru kulima. Tumeambiwa watarudi kwa mavuno. Msaidizi amekiweka ndani ya bahasha ya nailoni, kwa sababu ya mchwa.

Jumatano ijayo ni kliniki, mvua imeanza na mwembe unavuja. Tutahamia barazani.